Kifungu cha Kumi na Tisa

"Soma hapa," Hellen alisema, akakandamiza kidole kwenye karatasi kama anayeua sisimizi. "Soma kwa sauti, Mama Mayala. Mimi nimesoma mara tatu, bado naona macho yananichezea shere."

Wilhelmina alivuta miwani kutoka kwenye nywele akaishusha puani. Nje ya kibanda, upande wa pili wa barabara zilipo ofisi za wilaya, bodaboda wawili walikuwa wanamgombea abiria mmoja aliyebeba jogoo. Ndani kulikuwa na meza moja, kompyuta moja, printa yenye kikohozi cha kudumu, na benchi la wateja ambalo asubuhi hiyo Hellen alilikalia peke yake kama kuku anayeatamia.

"Kifungu cha kumi na tisa," Wilhelmina alisoma. "Ukomo wa kikundi. Endapo theluthi mbili ya wanachama wataamua kukivunja kikundi, mali zitakazobaki hazitagawanywa kwa wanachama, bali zitakabidhiwa kwa Kikundi cha Tupendane..."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari.

"Malizia, dada."

"...cha Usagara."

"Usagara!" Hellen alipiga kofi pajani. "Boti yetu iende Usagara, njia panda ya malori! Kule maji yao ni ya bomba, nayo hutoka yakipenda. Wataiegesha wapi hiyo boti, kituo cha mafuta?"

Siku nyingine Wilhelmina angecheka, maana Hellen alikuwa na mdomo wa kuchekesha hata wafiwa. Lakini aliitazama karatasi ile kama mtu anavyotazama nyayo zake mwenyewe katika shamba la jirani. Maneno yale aliyapiga chapa yeye.

Ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Wanawake ishirini na wawili wa Kigongo walikuja na Hellen mbele, wananuka samaki na furaha, wakasema wamenunua boti ya mbao na injini yake, wawavushe wagonjwa na wajawazito kutoka Busisi saa ambazo kivuko kimelala. Hawakutaka faida. Walitaka katiba, ili kikundi chao, Vusha Salama, kisajiliwe na mtu asiwaite wavushaji wa magendo. Wilhelmina aliwapigia. Tangu hapo wamevusha watu ambao hakuna aliyewahesabu, mpaka mwaka huu daraja lilipofunguliwa na gari la wagonjwa likaanza kupita juu ya maji kwa dakika chache. Boti ikabaki imelala ufukweni, jua likiila mbao zake. Wanachama wakakaa mkutano, wakalia kidogo, wakapiga kura ya kukivunja kikundi. Hawakutaka kugawana kitu. Boti walikwisha kuiahidi Irunda, kisiwa kidogo ambacho daraja halitakifikia hata wajukuu wao wazeeke.

"Mwezi uliopita Irunda walimvusha mjamzito kwa kasia," Hellen alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Saa nne nzima majini. Mama alipona."

La mtoto hakulisema, na Wilhelmina hakuuliza.

"Sasa niambie, dada. Hawa Tupendane ni akina nani? Sisi hatukuwahi kukaa kikao hata kimoja tukataja Usagara."

"Ni wapishi wa misiba."

"Wapishi?"

Wilhelmina alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge ingawa haikuwa na vumbi.

Katiba ya kikundi haianzii kwenye karatasi nyeupe. Hilo kila mchapaji analijua, ila hakuna anayemwambia mteja. Ni kama moto wa kuomba kwa jirani: unachukua kaa kwenye jiko la waliotangulia, unakwenda kuwasha lako. Unabadilisha jina, unabadilisha kijiji, unabadilisha malengo. Katiba ya Vusha Salama aliiwasha kwa kaa la wapishi wa misiba wa Fela, ambao wao waliwateua wapishi wenzao wa Usagara wawe warithi wa masufuria yao siku kikundi kikifa. Palipoandikwa Fela akaweka Kigongo. Palipoandikwa sufuria akaweka boti. Palipoandikwa mfiwa akaweka mgonjwa. Usagara ikampita. Ikawapita wote, kwa sababu wanawake wale walitia sahihi ukurasa wa mwisho, mhuri ukagongwa ukurasa wa mwisho, na hakuna binadamu anayesoma habari za kifo cha kikundi siku ya harusi yake.

"Kosa ni langu," alisema.

"Basi umelitaja, limekwisha." Hellen alisogea, benchi likalia. "Sikiliza. Sahihi ziko ukurasa wa mwisho. Mhuri uko ukurasa wa mwisho. Huu ni ukurasa wa nane. Herufi zile zile unazo humo kwenye mashine yako. Piga upya, weka Irunda, tuchomoe huu, tuchomeke ule."

"Na nakala iliyoko ofisini?"

"Yule binti afisa amesema nimpelekee hii yetu Ijumaa, siku thelathini za makabidhiano zinapoisha. Atalinganisha majina ya viongozi. Nani duniani analinganisha kifungu cha kumi na tisa?"

Wilhelmina aligeukia mezani. Aliwasha kompyuta. Faili lilikuwepo, kama yalivyokuwepo mengine yote. Yeye hakuwahi kufuta kitu. Akalifungua, akashuka mpaka ukurasa wa nane, akafuta neno Usagara herufi moja moja kutoka nyuma, akaandika jina jipya. Kazi ya pumzi mbili. Printa ikakohoa, ikatema karatasi. Alipoiweka kando ya ile ya zamani zilifanana kama mapacha, ila moja ilikuwa imeota rangi ya chai na nyingine nyeupe.

"Hiyo tutaianika juani," Hellen alisema. "Siku mbili tu inazeeka."

Jicho la Wilhelmina lilikuwa limeshuka kwenye ukurasa wa mwisho wa katiba. Mwenyekiti, mstari na sahihi. Katibu, mstari na sahihi. Mhazini, dole gumba. Afisa, mhuri. Alianza kazi hii akiwa msichana, kwenye chama cha ushirika cha pamba. Ushirika ulipoanguka wakamlipa kwa taipureta badala ya kiinua mgongo, akahamia nayo barabarani. Katika maisha yake yote amepiga mikataba, wosia, mashtaka, barua za uchumba na katiba zaidi ya mia mbili, na hakuna karatasi hata moja yenye mstari wa mchapaji. Alizoea kuliona hilo kuwa ni unyenyekevu. Asubuhi hii, akiwa na ukurasa wa uongo mkononi ambao haukuwa na mahali pa jina lake, aliona kwamba palikuwa pia ni pahala pazuri mno pa kujificha.

Aliikunja ile karatasi nyeupe mara mbili, akaichana, akatia vipande kwenye ndoo ya takataka.

"We Mama Mayala!"

"Vaa viatu, Hellen. Tunavuka barabara."

*

Afisa maendeleo ya jamii aliitwa Raya, binti wa mjini Nyamagana, mtandio wake umenyooshwa pasi hadi ukingoni. Aliinuka walipoingia. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," walijibu kwa pamoja, na kwa muda ambao Wilhelmina alitumia kueleza, Raya hakumkatiza hata mara moja. Alisoma kifungu. Akatoa faili la ofisi kabatini, akasoma na pale.

"Nani aliipiga hii?"

Hellen ghafla akavutiwa na kalenda iliyokuwa ukutani.

"Mimi," Wilhelmina alisema.

"Zako ziko nyingi humu kabatini, mama?"

"Nyingi."

Raya aliandika kitu kwenye daftari lake. Wilhelmina angetoa hata printa ajue ni kitu gani.

"Si tubadilishe tu kifungu?" Hellen aliuliza. "Tukae mkutano, theluthi mbili, tunyooshe mikono. Wanawake wangu wote wapo."

"Mlishakivunja kikundi, mama. Muhtasari mlioleta ninao. Kikundi kilichokufa hakina mkutano mkuu." Alisema kwa upole, kama anayemvua mtu mwiba. "Maiti haandiki wosia."

"Hata kama wosia wenyewe aliandikiwa wa mtu mwingine?"

Raya alitaka kucheka, akajizuia. "Kuna njia moja. Mrithi anaweza kukataa urithi. Tupendane wakae mkutano mkuu wao, akidi itimie, waandike kwamba hawaipokei boti, watie sahihi. Wakikataa, kifungu cha ishirini kinaniruhusu kupokea pendekezo lenu la kikundi kingine chenye malengo kama yenu. Hapo Irunda inaingia. Lakini karatasi hiyo niione kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu."

"Na wakiitaka?" Wilhelmina aliuliza.

"Itakuwa yao. Katiba haiulizi kama wana maji."

*

Jumatano asubuhi Wilhelmina alishuka Usagara na daftari jipya kwenye mkoba, na hakuhitaji kuuliza Tupendane wako wapi. Alifuata moshi. Nyuma ya nyumba yenye turubai, masufuria saba makubwa yalikuwa juu ya mafiga, na katikati yake alisimama mzee mmoja mrefu aliyejifunga kiroba cha unga kiunoni, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Wewe ni wa upande wa marehemu au wa mjane?"

"Mimi namtafuta mwenyekiti Machibya."

"Umempata, yuko kazini." Mzee alimkazia macho kwenye moshi, kisha uso ukamfunguka. "Ala! Si mama wa katiba wewe? Ulitupigia yetu. Ulitudai tukakuletea kuku."

"Huyo huyo. Baba, nimekuja kwa jambo la mali. Kuna boti..."

Machibya aliinua mwiko kutoka kwenye ugali, akauelekeza nyumbani ambako sauti za wanawake zilikuwa zinapanda na kushuka. "Mwili uko ndani, mayu. Mwili ukiwa ndani, hapa haitajwi mali hata ya sindano. Tunazika saa kumi. Kesho asubuhi tunaanua matanga. Utasema kesho."

"Kesho ni Alhamisi. Ijumaa ndiyo mwisho wake."

"Basi kesho usichelewe. Tukishaosha masufuria kila mtu anashika njia ya kwao, na hawa huwapati tena wote pamoja mpaka afe mwingine." Alilichota bonge la ugali, akalionja kama anayelihukumu. "Na sikuombei hilo, maana anayefuata kwenye foleni kwa umri ni mimi."

Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Alimpigia mwanawe simu, akavua viatu, akaomba kisu. Bibi mmoja mfupi, Bernadeta, alimsogezea beseni la vitunguu bila kumuuliza jina la ukoo wake, kwa kuwa vitunguu havina ukoo. Alikata mpaka vidole vikanuka, akaosha mchele, akachuja mchanga kwenye dagaa. Hakuna aliyepewa amri na hakuna aliyesimama bure. Mtu akiinua sufuria, mwingine alishakuwa upande wa pili ameshika. Saa kumi waliacha moto kwa watu wawili wakaenda kuzika, wakarudi, wakapakua. Wilhelmina alikula wa mwisho, pamoja nao, wamekaa chini kuzunguka sinia. Aliwahi kuyapanga malengo ya watu hawa kwa herufi, (a) mpaka (f), na hakujua kwamba yana uzito huu yakiinuliwa kutoka motoni.

Asubuhi, turubai lilipokwisha kushushwa na ndugu kunawa, Machibya aligonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko mara tatu. Wapishi walikusanyika penye mafiga. Walihesabiwa: thelathini na mmoja kati ya thelathini na wanane.

"Akidi?" Machibya aliuliza.

"Imetimia," Wilhelmina alisema, akaandika tarehe.

"Haya. Mama katiba ana neno. Na awe mfupi, masufuria yanakaukiwa."

Alisema kwa ufupi. Alisema boti, daraja, Irunda, kifungu. Alipofika kwenye neno kosa hakulizunguka. "Jina lenu mle ndani nilisahau kulifuta mimi. Wale wanawake hawawajui. Kwa katiba ilivyo, boti na injini ni zenu, na mkizitaka hakuna wa kuwazuia. Nimekuja kuwaomba mkatae."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikasambaa.

"Boti! Tutawavusha watu barabara ya Kahama!"

"Malori yakija tunapiga kasia!"

"Machibya ndiye nahodha, mwiko si anao!"

Mtu mmoja hakucheka. Aliitwa Maige, mtunza vyombo wa kikundi, mwembamba, mikono imeungua mahali pengi. Alisubiri wenzake wamalize.

"Nyie chekeni," alisema. "Injini inauzika. Masika yaliyopita tulimzika mama wa Ngosha, mvua ikanyesha mpaka wali ukawa uji. Wazee walilowana wakiwa wamekaa, turubai letu lina matundu kama chekecheo. Tumeomba turubai jipya miaka mingapi? Leo Mungu ametuletea, mnacheka. Mama, nakuheshimu. Lakini kosa lako ni riziki yetu."

Wengine waliitikia kwa koo, na Wilhelmina alilisikia jinsi lilivyokuwa neno la haki. Alifikiria kumtaja yule mjamzito wa Irunda, akaona kwamba angekuwa anamtumia mtu asiyemjua kama fimbo. Akaiacha kalamu juu ya daftari.

"Mwenyekiti," Bernadeta alisema kutoka alipokaa, juu ya sufuria lililopinduliwa. "Mimi nina swali dogo. Sisi tukifa, vyombo vyetu vinakwenda wapi?"

"Tukifa tunazikwa, mama."

"Kikundi, siyo wewe. Kama cha wenzetu kimeandikwa, na chetu si kimeandikwa? Mimi nilitia dole tu. Sikusomewa."

Watu walitazamana. Machibya alimtuma mtu, na katiba ya Tupendane ikaletwa ndani ya mfuko wa sukari, kingo zake zimeliwa na mende. Walimpa Wilhelmina. Alifungua ukurasa wa nane kwa vidole vinavyonuka vitunguu, na kabla hajafungua mdomo alikwisha kuona.

"Soma, mayu."

Angeweza kuruka. Walikuwa wanamtazama mdomo, wala si karatasi.

"Mali zitakazobaki," alisoma, "zitakabidhiwa kwa Kikundi cha Wafuga Nyuki..." Akaishusha karatasi. "Hili nalo ni langu. Katiba yenu niliitoa kwenye ya wafuga nyuki wengine, waliowataja wenzao hawa kuwa warithi. Sikubadilisha."

"Nyuki?" Bernadeta aliuliza.

"Nyuki, bibi."

"Masufuria yangu! Ninayosugua kwa majivu tangu sijaanza kutembelea fimbo! Yapelekwe kwa nyuki?"

Safari hii kicheko hakikuja mara moja. Kilikuja kikiwa kimechelewa na chenye uchungu kidogo, na Machibya ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akashikilia mwiko asianguke. "Ndiyo maana asali ya siku hizi ina masizi," alisema, akapangusa macho. Kisha akamgeukia Wilhelmina, na macho yake hayakuwa na mchezo. "Ziko ngapi za hivi, mama katiba?"

"Sijui," alisema. Ndilo lilikuwa jibu gumu kuliko yote aliyotoa wiki hiyo. "Mpaka nizisome zote."

Maige alikuwa ameinama, anachora chini kwa kijiti. Alichora kitu kama sufuria, akakifuta kwa mguu.

"Ingekuwa ni wale wa nyuki wamesimama hapa leo," alisema bila kuinua uso, "na sisi ndio tumekufa..." Alikitupa kijiti motoni. "Utarekebisha ya kwetu kwanza. Bure. Na tusomewe mstari kwa mstari, tupo. Mimi sitaki tena karatasi ya kuwekea dole tu."

"Nitasoma," Wilhelmina alisema.

"Wanaokataa boti," Machibya alitamka, "wanyooshe."

Mikono ilipanda, mingine ina masizi, mingine ina povu la sabuni kwa kuwa wenyewe walikwisha kuanza kuosha. Ishirini na sita. Maige hakunyoosha. Hakupinga pia. Ilipofika zamu yake ya kutia sahihi kwamba alikuwepo mkutanoni, alinawa kwanza kwa maji ya moto, akakausha mikono kwa shati lake, akaandika jina lake lote, polepole, kwa mwandiko mzuri ambao Wilhelmina hakuutarajia.

"Turubai," alimwambia alipomrudishia kalamu. "Kuna mahali watu huomba vitu vya namna hiyo kwa barua?"

"Papo. Nitakuandikia."

"Tutaandika wote. Wewe unasahau."

*

Ijumaa saa sita mchana Raya aliisoma karatasi ya Tupendane mara mbili, moja kwa ajili ya maneno na moja kwa ajili ya idadi. Aliambatisha na barua ya Hellen ya kuipendekeza Irunda. Aligonga mhuri. Hellen akatoka mbio kwenda kutafuta mafuta ya injini, anazungumza kwenye simu mbili kwa wakati mmoja, na Wilhelmina akabaki amesimama mbele ya meza kama mwanafunzi.

"Mama," Raya alisema, "yale mafaili kabatini, itabidi niyapitie yote. Nitakapokuta tatizo, nitaandika nimelikuta wapi. Siwezi kuacha."

"Usiache."

"Wateja watasikia."

"Wameshasikia, mwanangu. Habari ya msibani inasafiri na moshi."

Na kweli. Jumamosi hakuna aliyekuja kupiga katiba mpya. Vijana wawili wa kikundi cha matofali, ambao walikwisha kulipa nusu, walipita mbele ya kibanda wakiwa wamegeuza nyuso, wakaingia kwa mchapaji mwingine karibu na benki. Wilhelmina alifagia ndani, akafagia nje, akafagia na mbele ya kibanda cha jirani. Alijiuliza taipureta ile ya ushirika, iliyo chini ya kitanda chake, kama bado utepe wake unauzwa mahali.

Saa nne hivi, Bernadeta alitokea, amemshika mkono Maige avuke barabara. Walikuwa na mfuko wa sukari. Walikaa kwenye benchi, na Bernadeta akaanza kupepea uso kwa kanga, akasema usafiri umemchosha lakini amekuja kusikia habari za nyuki zikifutwa kwa macho yake mwenyewe. Wilhelmina alisogeza kiti akafungua ukurasa wa kwanza.

Alikuwa kwenye kifungu cha pili alipotokea mama mmoja wa kikundi cha kusomesha yatima, na bahasha. Hakusalimia vizuri. "Nimeambiwa na ya kwetu ni ya kwako," alisema, akasimama mlangoni. Nyuma yake alikuja mzee wa kamati ya kisima, na katiba yake imekunjwa ndani ya kofia. Kisha wawili wa kwaya. Benchi lilijaa, watu wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Hakuna aliyemchekea. Hakuna pia aliyeondoka.

Alisoma kwa sauti, kila neno, kidole kikitembea chini ya mstari kama alivyofundishwa shuleni na masista. Pale ambapo neno lilikuwa la watu wengine, alisimama, akalitaja, akalikata kwa wino mwekundu mbele yao. Maige alimsimamisha mara tatu kumuuliza neno moja lina maana gani, na mara ya tatu Wilhelmina mwenyewe hakuwa na hakika nalo, wakakubaliana waweke jingine wanalolijua wote.

Simu iliita mezani. Ilikuwa ni Hellen. Aliiweka sauti ya nje ili asiache kusoma, akasema, "Haya, dada?"

Hellen hakujibu. Labda alikuwa amesahau kwamba amepiga, labda aliinyoosha tu simu mbele yake kuelekea majini. Zilisikika sauti za wanawake wanapiga kelele za kusukuma, hoya, hoya, mbao ikikwaruza mchanga, kisha upepo, kisha injini ikakohoa mara moja, mara mbili, ikashika. Mzee wa kisima aliivua kofia. Ile sauti ilinguruma karibu sana, kama iko chini ya meza, ikaanza kusogea, ikawa nyembamba, ikawa kama nzi kwenye kioo cha dirisha la mbali, na hata ilipokuwa haisikiki tena waliendelea kuisikiliza.

Bernadeta ndiye aliyejisogeza kwanza. Aliigusa katiba kwa ncha ya fimbo yake.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Tulikuwa kifungu cha nne."